Tuzungumze: Kitufe Ambacho Mifumo Yetu Haina

Wale mliokosa mazungumzo yangu ya Jumamosi mmenisumbua sana kwa meseji, basi naiweka hapa yote kama nilivyoongea, nimesafisha tu pale nilipokohoa na pale maiki ilipozima. Picha za ukutani nimeziruka, bila mimi kuzionyesha kwa kidole hazina maana. Waliokuwepo ukumbini ni maafisa TEHAMA, watu wa utumishi, wahasibu wachache, makatibu muhtasi (asanteni sana kwa kuja, mtaona kwa nini) na vijana wa chuo.

Jamani, habari za asubuhi. Mmeitikia kama watu walioamshwa Jumamosi, sawa, nawaelewa.

Naanza na swali na naomba mnyooshe mikono kwa ukweli. Nani hapa ofisini kwake kuna mfumo wa kuomba likizo, wa kwenye kompyuta, mzuri, una nembo ya ofisi na kila kitu? Mikono mingi. Shusheni. Sasa nani, kabla hajajaza huo mfumo, huwa anapita kwanza mlangoni kwa bosi anamwambia "bosi, nataka kuomba likizo, nijaze?" Mnaona? Mikono ile ile! Yule kaka wa pembeni kanyoosha miwili.

Sasa kama ruhusa tayari unaipata mlangoni, mfumo unafanya kazi gani?

Mimi miaka yote hii kazi yangu ni kutengeneza hizi potali za ofisi, yaani ile tovuti ya ndani ambapo wafanyakazi wanakuta nyaraka na fomu na matangazo, na nyuma yake kuna mitiririko inayojiendesha, sisi wenyewe tunaita floo, ombi likiingia linakwenda lenyewe kwa mkuu wa idara, likitoka hapo linakwenda utumishi, halafu fedha, bila mtu kubeba karatasi mkononi. Nyingi nimezijenga kwa zana mbili za Microsoft, SharePoint kwa potali na listi zake na Power Automate kwa floo, kwa hiyo mifano yangu itatoka huko, ila kama wewe unatumia kitu kingine usisimame ukaondoka, magonjwa ni yale yale.

Na zaidi ya nusu ya nilizojenga mwanzoni ziliteseka. Zilikuwa zinafanya kazi, msinielewe vibaya, ukibonyeza inaitika. Watu tu hawakuzitumia. Leo nataka niwaambie kwa nini, na sitaanza na kompyuta, nitaanza na masijala, kile chumba cha kutunzia mafaili ya ofisi.

Kuna ofisi moja niliitwa kuhamisha madokezo kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye potali. Nikafika na laptopu yangu, nikakaa na wakuu wa idara wiki nzima, wakanieleza: mwombaji anaandika dokezo, linakwenda kwa mkuu wake, anakubali au anakataa, linakwenda juu. Rahisi. Nikachora visanduku vyangu na mishale, nikajenga, vitufe viwili, cha kijani IDHINISHA na chekundu KATAA. Nikafundisha watu, tukala wali, nikaondoka nimefurahi.

Baada ya mwezi narudi, nakuta mafaili ya karatasi yanatembea kama kawaida, mesenja yuko koridoni ameyakumbatia yamefika kidevuni, na kwenye potali kuna maombi kama kumi hivi ya mwezi mzima. Nikauliza kulikoni, kila mtu ananiambia "tunajitahidi, tunajitahidi". Ukiambiwa tunajitahidi na Mtanzania ujue kazi imekufa hiyo.

Nikaenda kukaa masijala. Pale kulikuwa na mama mmoja karibu anastaafu, yuko na kaunta yake na daftari lake la kutoa na kupokea mafaili. Nikamwambia mama, hivi shida ni nini? Hakunijibu. Akavuta faili, akalifungua kwenye folio za mwisho, yaani zile karatasi zenye namba ndani ya faili, akaniambia soma. Dokezo limeandikwa vizuri, linaomba fedha za semina, na pembeni kwa kalamu ya kijani bosi ameandika neno moja na saini na tarehe.

"Tuzungumze."

Akafungua faili lingine. "Tuzungumze." La tatu, bosi kaandika "Mhasibu, naomba ushauri wako kwanza." La nne, "Sawa, lakini mwezi ujao." Akafungua na la tano, pale hakuna neno, kuna alama ya kuuliza tu na saini. Halafu akanitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, hayo maneno kwenye kompyuta yako yako wapi?"

Hayakuwepo. Nilikuwa na ndiyo na hapana tu.

Fikirieni, ndugu zangu. Umempa mkuu wa idara kitufe chekundu kimeandikwa KATAA. Ombi la mwenzake, mtu mkubwa kwa umri kuliko yeye pengine, mtu aliyemzika mzazi wake. Hataki kukubali kwa sababu hesabu haijakaa sawa, na hataki kukataa kwa sababu kukataa kwa mtu mzima bila maneno ni matusi. Kwa hiyo anafanya nini? Hafanyi kitu. Ombi linakaa. Na wewe kijana wa TEHAMA unasema viongozi hawataki teknolojia! Walikuwa wanataka sana, wewe ndo hukuwapa mlango wa katikati.

Nilibadilisha kitu kimoja tu. Kwenye kipengele cha idhini cha Power Automate unaweza kuandika majibu yako mwenyewe badala ya yale mawili ya kawaida, wengi hawajui au wanajua wanapuuza. Nikaweka manne: Naafiki, Siafiki, Rudisha kwa marekebisho, na Tuzungumze. Ukibonyeza Tuzungumze ombi halifi, linabaki limesimama kwako, mwombaji anapata ujumbe kwamba anaitwa, na kuna sehemu ya kuandika maoni ambayo wote waliopitisha wanaiona kwa mpangilio wa tarehe, kama folio. Hivyo tu. Ule mfumo upo mpaka leo.

Na "Tuzungumze" ndiyo ilikuwa inabonyezwa kuliko vyote. Kuliko Naafiki!

Kwa hiyo kabla hujafungua laptopu, fuata faili. Usiwaulize wakubwa peke yao utaratibu ukoje, wakubwa watakueleza utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu. Kaa masijala siku mbili. Tembea na mesenja. Kunywa chai na katibu muhtasi. Mwulize kila mtu swali moja tu: faili liko kwa nani? Na likifika kwake linakaa kwa sababu gani? Utajua vitu ambavyo hakuna kikao cha wadau kitakwambia.

Makatibu muhtasi, nimewataja, msinikimbie. Naomba niulize kwa upole na hakuna anayerekodi. Nani anayo paswedi ya bosi wake? ... Kicheko hicho kinatosha, sihitaji mikono.

Tunajua wote. Bosi yuko kikaoni Dodoma, ombi limekwama, anapiga simu "hebu niidhinishie hilo", dada anaingia kwa akaunti ya bosi anabonyeza. Mkaguzi akija anaona bosi ameidhinisha saa nne na robo akiwa ofisini, na bosi huyo huyo ana tiketi ya safari na posho ya kujikimu ya siku hiyo. Hapo sasa nani atajieleza? Dada wa watu! Wakati kwenye karatasi jambo hili lilikuwa na utaratibu wake wa miaka mingi: kuna kukaimu, kuna barua ya kukaimu, kuna kusaini "kny", kwa niaba ya. Karatasi ilijua kwamba bosi ni kiti, na kwenye kiti leo anakaa huyu kesho yule. Sisi tukaja na mifumo tukaandika jina la mtu ndani ya floo. Sio cheo, jina! Imeili ya mtu kabisa imechomekwa ndani.

Weka listi ndogo pembeni, ina kolamu chache tu: cheo, nani amekikalia sasa, nani anakaimu, kuanzia lini mpaka lini. Floo ikitaka kujua ombi liende wapi isome pale. Na aliyepewa ruhusa ya kuibadilisha hiyo listi awe mtu wa utumishi, sio wewe, maana barua za kukaimu zinapita kwake. Kazi ya saa mbili hiyo, na inaokoa ndoa za watu ofisini.

Sasa nije kwenye dhambi zangu mwenyewe, hapa vijana wa chuo muandike.

Nitumie mfano ule ule wa masijala. Floo ni mesenja. Listi, au databesi yako, ndiyo faili. Je mesenja anabeba uamuzi kichwani? Habebi. Uamuzi umeandikwa ndani ya faili, yeye anabeba faili. Mesenja akiumwa leo, anatumwa mwingine, faili linafika. Lakini mimi nilikuwa najenga mesenja anayebeba kila kitu kichwani. Ombi liko hatua gani, nani ameshakubali, nani bado, vyote viko tumboni mwa floo inayosubiri. Na floo ya Power Automate ikianza kukimbia ina umri, siku 30. Siku ya 30 ikifika kama bado inasubiri jibu inakatika. Haipigi kelele.

Mnajua ilinikuta wapi? Ombi la masurufu, zile fedha unazopewa kabla ya kazi, mkuu wa idara amekwenda masomoni wiki sita, wala hakuna aliyekaimishwa. Mwombaji anasubiri kwa adabu. Mkuu anarudi, anabonyeza Naafiki, mwombaji anakwenda kwa mhasibu, mhasibu anasema sijaona kitu. Huyu anasema nimeidhinisha, huyu anasema sijapokea, wakaanza kuangaliana vibaya, watu waliokuwa wanachangiana nauli, na wote wawili walikuwa wakweli! Mwongo nilikuwa mimi. Mesenja wangu alikufa njiani siku ya 30 na barua kichwani.

Dawa yake: hali ya ombi iandikwe ndani ya listi kila hatua, kolamu inayosema "liko kwa nani" na kolamu ya "tangu lini". Floo ziwe fupi fupi, kila moja ina kazi moja, inafanya inaondoka. Halafu kuna moja inaamka kila asubuhi, inapita kwenye listi kama yule mama na daftari lake, inaona ombi hili lina siku tano halijaguswa, inakumbusha, hili lina siku kumi, inampelekea kaimu. Hakuna anayesubiri mwezi mzima amesimama mlangoni.

Dhambi ya pili. Floo zote za ofisi moja nilizijenga kwa akaunti yangu mwenyewe. Kila floo inafungua milango kwa funguo za aliyeijenga, yaani ikisoma listi inasoma kama mimi, ikituma imeili inatuma kama mimi. Nikahama kazi. TEHAMA wakafanya kazi yao vizuri kabisa, wakafunga akaunti yangu, kama sheria inavyotaka. Baada ya muda mfupi likizo haziendi, manunuzi hayaendi, maombi ya gari hayaendi. Wananipigia simu niko kwenye daladala natoka Mbagala, "kaka mfumo umegoma". Haujagoma! Mesenja wote wamesimama nje ya geti, funguo zimerudishwa.

Tangu hapo sijengi kitu cha ofisi kwa jina la mtu. Kunakuwa na akaunti ya huduma, ya ofisi, haiendi likizo, haistaafu, na wamiliki wa floo wanakuwa angalau wawili. Ni gharama ya leseni moja zaidi, ndiyo. Mwambie mhasibu.

Ya tatu ni aibu zaidi ila nasema. Nilitengeneza floo inayoamka kila ombi linapobadilishwa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuandika ndani ya ombi lile lile "imeshatumwa". Mmeshaona? Ikiandika, ombi limebadilika. Likibadilika, inaamka. Ikiamka inatuma imeili, halafu inaandika. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mkurugenzi alikuwa kwenye sendoff ya binti wa dada yake, simu mfukoni inatetemeka kama ina homa, mamia ya imeili, zote zinasema ombi la toner, wino wa printa, limewasilishwa. Toner! Jumatatu aliniita, na sikuhitaji kitufe, alisema mwenyewe tuzungumze. Weka sharti kwenye mwanzo wa floo, iamke pale tu hali ikiwa "limewasilishwa" na si vinginevyo, basi, imeisha.

Haya mengine nayapita haraka. Majina ya kolamu, ukizipa jina lenye nafasi katikati, SharePoint ndani yake inaweka alama ya _x0020_ mahali pa nafasi, na ukija kulibadilisha jina baadaye lile la ndani halibadiliki, utakuja kuteseka na fomula, kwa hiyo anza na jina fupi lisilo na nafasi halafu lirembe baadaye. Na ule mpaka wa vitu 5,000. Listi yenyewe inaweza kubeba mpaka milioni 30, lakini ukiomba kuona zaidi ya 5,000 kwa mara moja bila kolamu iliyowekewa faharasa (indeksi, ya kutafutia haraka) inakataa, sababu databesi ya chini ikishafunga safu kama elfu tano kwa pamoja inaona bora ifunge jedwali zima na wenzako wote wanasimama foleni. Masijala walijua hili zamani. Faili likinenepa linafungwa, linafunguliwa juzuu ya pili. Weka faharasa mapema, listi ikiwa bado changa.

Nirudi kwa watu, maana ndiko kwenye utamu.

Kontroo namba. Ile namba ya kulipia malipo ya serikali. Nani hapa hajawahi kulipa kwa kontroo namba? Hakuna. Bibi yangu kijijini anaijua. Sasa jiulizeni, kwa nini ile imeingia mpaka vijijini na potali yako ya likizo imeshindwa kuvuka koridoni? Kwa sababu kontroo namba haikumwambia bibi aje aingie kwenye mfumo, akumbuke paswedi, abadilishe paswedi kila miezi mitatu iwe na herufi kubwa na alama. Namba inamfuata yeye kwenye simu, analipa kwa wakala au benki, kwa njia aliyokuwa anaitumia tayari. Mfumo uko nyuma huko, yeye hauoni.

Sisi tunamlazimisha mtu aje kwetu. Kuna ofisi nimeikuta, potali wanayo, lakini idhini zinafanyika kwenye grupu la WhatsApp. Mhasibu anaweka picha ya hati ya malipo, bosi anaweka dole gumba, fedha inatoka. Nikataka kucheka halafu nikaona hapana, hawa wako sahihi nusu. Dole gumba linachukua sekunde moja, potali yangu ilikuwa inataka mibonyezo kumi na moja, nilihesabu. Nusu ambayo hawako sahihi ni siku mkaguzi anapouliza ushahidi uko wapi na simu ya bosi imeibiwa Kariakoo. Kwa hiyo hatukupigana na grupu. Tulipunguza. Ujumbe unamfikia bosi kwenye simu, una kiasi, una sababu kwa sentensi moja, una vitufe pale pale, hafungui potali kabisa, ila jibu lake linaandikwa kwenye faili. Grupu likabaki la salamu za Ijumaa na picha za harusi, kazi yake halali.

Lingine la watu ni siri. Masijala zetu zilikuwa mbili, masijala ya wazi na masijala ya siri, na kila mtu alijua mlango gani ni wa nani. Potali tunazijenga zote wazi. Nimekuta fomu ya ruhusa ya ugonjwa ambapo mtu anaambatisha ED yake ya hospitali, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, na listi nzima inasomeka na wafanyakazi wote, unaona nani aliumwa nini na daktari kaandika nini. Watu walikuwa wanapita kusoma kama gazeti! Ukimwuliza aliyejenga anasema hakujua kwamba ruhusa za kusoma zinarithiwa kutoka juu. Jamani, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao tangu 2019. Hali ya afya ya mtu ndiyo taarifa nyeti yenyewe. Jenga mlango wa siri kabla hujakusanya, usikusanye kwanza.

Na kuna hofu. Hili hatulisemi. Karatasi ikichelewa hujui imechelewa kwa nani, na wengine walikuwa wanaishi kwa raha kwenye giza hilo. Mfumo unawasha taa. Mimi nikiwa kijana nilifurahi sana na taa hiyo, nikatengeneza ukurasa unaoonyesha nani anakaa na maombi siku nyingi, nikaupanga kama msimamo wa Ligi Kuu, wa kwanza mpaka wa mwisho, nikauweka kwenye televisheni ya mapokezi. Kulikuwa na ombi la matairi ya gari la ofisi, wiki tatu, kila mtu analaumu manunuzi. Televisheni ikaonyesha manunuzi wako juu kama Yanga... haya haya, kama Simba, msinipige... na anayeshuka daraja ni mkurugenzi mwenyewe. Mbele ya wageni!

Televisheni ilizimwa siku hiyo hiyo, mimi nikaponea chupuchupu. Na alikuwa na haki ya kukasirika, nasema leo ingawa siku ile sikusema. Taa ile ilikuwa ya kumsaidia aone, mimi niliigeuza ya kumwaibisha. Siku hizi anayeona siku ngapi ombi limekaa ni mwombaji, anayelikalia, na mkuu wa huyo anayelikalia, na ujumbe wa kwanza anaupata anayelikalia peke yake. Matairi yalinunuliwa wiki ile ile, lakini nisingependa yanunuliwe kwa njia ile tena.

Nimeonyeshwa kikaratasi nina dakika tano, nimeona, asante.

Mtandao. Mnakumbuka Mei 2024? Tarehe 12, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, Tanzania ikaguswa vibaya sana, siku kadhaa watu tunatafuta intaneti kama maji ya kisima. Na potali zetu nyingi ziko kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi unazozifikia kwa intaneti, na wingu lenyewe liko ng'ambo. Jumatatu ile ofisi zikarudi kwenye karatasi, na hilo sio baya hata kidogo! Baya ni kwamba hakuna aliyekuwa na fomu. Watu wakaandika kwenye kurasa za shajara, mtandao uliporudi hakuna aliyejua kipi kimeshaidhinishwa kipi bado, vingine viliingizwa mara mbili vikalipwa mara mbili. Chapa fomu hamsini za karatasi, zipe namba zake za kipekee ambazo mfumo hautazigusa, zifungie kabatini kwa katibu muhtasi. Mtandao ukikata zinatoka, ukirudi zinaingizwa kwa namba hizo. Vijana mnacheka, chekeni tu.

La mwisho kabisa. Vitu hivi vinakufa, na vinakufa kwa tarehe. Kuna watu hapa walijenga mitiririko ya SharePoint ya mtindo wa 2010, ikazimwa kwenye Microsoft 365 tarehe 1 Novemba 2020. Waliokimbilia mtindo wa 2013, tarehe iliyotangazwa kwao ni 2 Aprili 2026, na fomu za InfoPath 14 Julai 2026. Hata Power Automate mwanzoni iliitwa Flow, jina likabadilishwa 2019. Wazee wa Lotus Notes, ile programu ya imeili na fomu za ofisi, wako wapi? Ile ilitoka 1989, kuna mabenki yaliishi humo ndani miaka na miaka, kisha wakahama na mabegi vichwani.

Sasa shida ya kuhama ni nini? Sio kujenga upya, kujenga ni wiki mbili. Shida ni kwamba hakuna anayekumbuka kwa nini ombi la zaidi ya kiasi fulani lilikuwa linapita kwa mwanasheria. Aliyejua amehama. Kwenye visanduku imeandikwa tu kama kiasi kikizidi hapa nenda kule. Kwa nini? Hakuna ajuaye, na hakuna anayethubutu kuondoa. Kwa hiyo mimi sasa kila floo ina karatasi yake moja, A4, Kiswahili cha kawaida: inafanya nini, nani aliitaka, sharti hili lilikuja kwa sababu gani, floo ikifa nani apigiwe simu. Na nakala moja haikai kwenye potali. Mnajua inakaa wapi? Masijala, ndani ya faili, ina namba ya folio.

Yule mama alistaafu. Kabla hajaondoka nilikwenda kumuaga, nikamkuta anamfundisha kijana mpya, kompyuta imewashwa pembeni na daftari lake liko wazi palepale. Nikamwambia mama, daftari la nini tena na mfumo upo? Akasema, "La kuukagua mfumo wako."

Haya, muda umekwisha, chai iko nje pale chini ya mwembe na nasikia kuna vitumbua. Maswali tuyapeleke huko huko. Na kama kuna mtu humu ofisi yake bado inaendeshwa na floo za mtu aliyehama kazi, usiseme kwenye maiki, njoo unishike shati pembeni, tuzungumze.